Kioo cha Jamii ya Kibiriti: Kiswahili cha Sayansi Kipimwe Kaaleng

Katika makongamano ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kuna mada moja ambayo haikosi: uwezo wa Kiswahili katika sayansi na teknolojia. Makala zinazowasilishwa chini ya mada hiyo hueleza kwamba lugha zote zina uwezo sawa wa kukua, huitaja Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, hulaumu sera za lugha, hutoa mapendekezo, kisha ukumbi hupiga makofi. Jambo ambalo ni nadra kulikuta ndani yake ni sayansi yenyewe. Msomaji aweza kuzipitia kurasa ishirini zinazokitetea Kiswahili cha fizikia bila ya kukutana na sentensi moja inayoeleza jambo moja la fizikia. Ni mithili ya fundi wa mashua anayehutubia ufukweni juu ya uimara wa mbao zake, ilhali mashua hajaishusha majini.

Makala haya yanashikilia kwamba ubishi huo haumalizwi kwa hoja za jumla. Humalizwa kwa kueleza. Na ili pasiwe na hila, jambo la kuelezwa lichaguliwe miongoni mwa yale magumu, tena ya karibuni: yanayotokea pale mipwito mifupi mno ya nuru ya leza inapopitishwa ndani ya nyuzi za vioo ambavyo wataalamu huviita vya kalkojenaidi. Msikilizaji naye achaguliwe kwa makusudi. Asiwe profesa wa Nairobi au Dar es Salaam ambaye neno la Kiswahili likimpiga chenga atalitafuta la Kiingereza moyoni na kuitikia kwa kichwa. Awe mwanafunzi wa shule ya upili atokaye Kaaleng.

Kaaleng imo katika eneo bunge la Turkana Kaskazini nchini Kenya, mbali na barabara kuu itokayo Lodwar kupitia Kakuma hadi Lokichoggio. Mtoto wa huko huanza maisha kwa Kiturkana. Kiswahili hukutana nacho darasani, dukani na redioni, na fizikia humjia kwa Kiingereza, yaani kwa lugha yake ya tatu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini ibara ya katiba haifundishi namna nuru inavyopita katika kioo. Mtoto wa Unguja au Lamu aweza kulipokea neno lisiloeleweka kwa kuwa lina sauti ya nyumbani. Wa Kaaleng hana huruma hiyo. Istilahi isipombebea maana, yeye ataiacha njiani, na kwa sababu hiyo ndiye mtihani bora wa istilahi kuliko kamati yoyote.

Maelezo yaanzie mahali anapopajua. Katika nyanda za Turkana, jua likiwa la utosi, mbele ya msafiri hutanda kitu kinachong'aa kama maji, na kila akikikaribia hurudi nyuma. Kiswahili huyaita mazigazi. Sababu yake ni nyepesi kuieleza. Jua huipasha ardhi moto. Ardhi nayo huipasha hewa iliyoigusa. Hewa ya moto huwa nyepesi, na nuru hupita ndani yake kwa kasi iliyozidi kidogo ile ya kupita katika hewa baridi iliyo juu. Kwa tofauti hiyo ya kasi, mwale uliokuwa ukishuka hupinda na kuelekea juu, jicho likakiona kipande cha anga kimelala ardhini. Mtu akilitafakari jambo hilo ataona ajabu nyingine iliyojificha. Nuru ya jua imeibadili hewa, kisha hewa hiyo iliyobadilishwa ndiyo inayoipinda nuru. Nuru, kwa kupitia kitu kingine, imejigeuzia njia yake yenyewe.

Mfano huu una mpaka wake na ni vyema usemwe. Mazigazi hutegemea joto, na joto huchukua muda kujikusanya. Ndani ya kioo jambo hilo hutokea bila kungoja joto. Inafahamika kwamba kioo hupunguza mwendo wa nuru. Nuru ikiwa ya kawaida, kiasi cha kupunguzwa hakitegemei ukali wake: mshumaa mmoja na mishumaa kumi, kioo huvitendea sawa. Nuru ikiwa kali kupita kiasi, elektroni za atomu za kioo huyumbishwa kwa nguvu isiyo ya kawaida, na kioo kikazidi kuupunguza mwendo wa nuru kadiri nuru inavyozidi kuwa kali. Athari hii imepewa jina la Mskoti John Kerr, ambaye mwaka 1875 alionyesha kwamba nguvu za umeme hubadili namna kioo kinavyoipitisha nuru. Kerr alitumia umeme wa mashine. Leo umeme ulio ndani ya nuru yenyewe, kwa kuwa nuru nayo ni wimbi la umeme na usumaku, hufanya kazi hiyo.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kuamka, maana tatizo la istilahi limefika. Kiingereza hulipa kundi hili la athari jina linalokana mstari. Asili ya jina ni grafu: kinachoingizwa kikiongezwa maradufu, na kinachotoka kikiwa maradufu, alama zake hujipanga katika mstari mnyoofu. Zisipojipanga hivyo, mstari umekanwa. Mfasiri mwenye haraka ataandika "athari za nuru zisizo za mstari" na kuhesabu kwamba kazi imekwisha. Kumbe mwanafunzi wa Kaaleng amekwisha kufundishwa tangu shule ya msingi kwamba nuru husafiri katika mstari mnyoofu. Akisikia nuru isiyo ya mstari atadhani inazungumziwa nuru inayopinda kona. Kila neno katika istilahi hiyo ni la Kiswahili safi, na maana yake yote imemwagika.

Kiini cha jambo ni uwiano, wala si mstari. Mbuzi wawili hunywa maji maradufu ya mbuzi mmoja, hayo yanawiana. Mto wa msimu ukijaa maradufu haubebi mchanga maradufu tu, huenda ukang'oa na migunga, hayo hayawiani. Basi ziitwe athari zisizowiana. Kitenzi kuwiana kimo katika lugha tangu hapo, hakihitaji kuombewa kibali, na kinamwambia msikilizaji jambo ambalo hata neno la Kiingereza halimwambii Mwingereza asiyesoma hisabati.

Swali litakalofuata kutoka Kaaleng ni la haki: mbona basi jua la huko, kwa ukali wake wote, halizionyeshi athari hizo katika kioo cha dirisha? Jibu limo katika hesabu. Jua la adhuhuri hutua ardhini kwa kiasi cha watt 1,000 kwa kila mita mraba. Sasa ichukuliwe nishati ndogo kabisa, jouli moja iliyogawanywa mafungu bilioni kumi, na fungu moja litolewe kwa muda wa femtosekunde 100. Kwa kuwa muda ni mfupi mno, uwezo wa kitambo hicho hufika watt 1,000, sawa na pasi ya umeme. Uwezo huo ukibanwa ndani ya kiini cha uzi wa kioo chenye eneo la mikromita mraba kumi tu, ukali wake huwa mara bilioni mia moja ya ule wa jua la Turkana. Nishati yenyewe haiwezi kupasha tone la maji moto wa kuhisika. Siri haiko katika wingi wa nuru bali katika kubanwa kwake, kwa nafasi na kwa muda.

Neno mpwito limetumika hapa kwa sababu moyo hupwita, na kila aliyewahi kukimbia anajua mpwito ni nini: kitu kinachokuja, kikatoweka, kikaja tena. Ufupi wake ndio unaotisha. Femtosekunde ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni. Namba kama hiyo haina sura mpaka ilinganishwe, na pengine hakuna mahali duniani panapofaa kwa ulinganisho huo kama Turkana. Femtosekunde moja kwa sekunde moja ni kama sekunde moja kwa miaka milioni 31 na ushei. Mwaka 1984, Nariokotome, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, kundi la mtafiti Mkenya Kamoya Kimeu lilipata mifupa ya kijana aliyekufa miaka ipatayo milioni moja na nusu iliyopita. Zana za mawe za Lomekwi, zilizotangazwa mwaka 2015, zina umri wa miaka milioni 3.3. Fuvu la nyani mchanga lililopatikana Napudet mwaka 2014, ambalo jina lake la kitaalamu limechukuliwa kutoka neno la Kiturkana lenye maana ya babu wa kale, ni la miaka milioni 13. Hata mfupa huo haufiki nusu ya safari. Kiswahili kimekuwa kikisimulia miaka hiyo yote magazetini na makumbusho bila kukwama, na hakuna aliyewahi kudai kwamba lugha haina maneno ya kubeba miaka milioni 13. Ni vigumu kuona kwa nini ikwame upande wa pili wa mizani.

Tena Afrika si mgeni katika mambo haya. Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur nchini Misri, alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1999 kwa kutumia mipwito ya femtosekunde kuzitazama molekuli zinapoachana na kuungana. Na aliyeitafiti nuru kwa majaribio karne tisa kabla ya leza, Ibn al-Haytham wa Basra, aliyaandika mengi ya hayo akiwa Kairo.

Kutoka kwenye muda, maelezo yaje kwenye kioo. Kioo cha kawaida, cha dirisha na cha nyuzi za mawasiliano, msingi wake ni silika, kitu kilekile kilichojaa katika mchanga. Mwaka 1966 Charles Kao alionyesha kwamba kioo hicho kikisafishwa vya kutosha kingeweza kubeba nuru kwa masafa marefu, na baada ya miaka 43 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka huohuo wa 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM ziliufikia mwambao wa Afrika Mashariki, ya kwanza ikiiunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu, safari ambayo majahazi yaliijua zamani. Watanzania waliupa mtandao wao wa nyuzi hizo jina la Mkongo wa Taifa, wengine wakiandika mkonga. Wakenya wengi wameridhika na faiba. Mradi wa barabara ya Eldoret hadi Nadapal, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2015, ulipangwa uende na nyuzi za kioo kandokando yake kupitia Lodwar na Kakuma. Kaaleng haiko kando ya barabara hiyo.

Kwa mhandisi wa nyuzi hizo athari zisizowiana ni adui. Akiongeza ukali wa nuru ili habari zifike mbali zaidi, kioo huanza kuzichanganya rangi zinazobeba habari hizo, na ujumbe ukachafuka. Ndiyo sababu mojawapo uzi mmoja una kikomo cha habari unazoweza kubeba. Mwanafizikia wa maabara, kwa upande wake, huwatafuta adui haohao kama rafiki, na anapowatafuta hukiacha kioo cha mchanga na kukiendea cha kalkojenaidi.

Neno hilo, kalkojenaidi, limetokana na Kigiriki, na halimpi msaada wowote hata Mzungu wa kawaida. Linahusu vioo vilivyoundwa kwa salfa, seleniamu au teluriamu, zikiungana na vitu kama aseniki au jemaniamu. Lakini salfa ina jina jingine la zamani katika Kiswahili. Ni kibiriti. Neno hilo lilikuja kutoka Kiarabu likiwa na maana ya salfa, na njiti za kuwashia moto zilirithi jina kwa kuwa salfa ilitumika kuzitengeneza. Kijisanduku chake kimo katika kila duka, Kaaleng ikiwamo. Mtoto anayetumwa kununua kibiriti amebeba kinywani nusu ya jina la kioo kinachotafitiwa katika maabara za Ulaya, naye hajaambiwa.

Pendekezo ni kwamba viitwe vioo vya jamii ya kibiriti. Salfa, seleniamu na teluriamu ni ndugu wa safu moja katika jedwali la elementi, hivyo neno jamii linafanya kazi ya kweli. Yupo atakayesema kwamba katika safu hiyo oksijeni ndiyo ya kwanza, na kioo cha kawaida ni cha oksijeni. Basi jamii hiyo itavijumuisha vyote. Ni hoja nzuri, na wataalamu wenyewe huiondoa oksijeni katika hesabu wanapotumia lile neno la Kigiriki. Mwingine atasema kwamba vitabu vya shule vimezoea salfa, na kibiriti kitawapeleka wasomaji jikoni. Akitaka na aandike jamii ya salfa. Hasara yake ni kwamba neno lililokuwa nyumbani litakuwa limefukuzwa ili kumpisha mgeni mwenye maana ileile, jambo ambalo Kiswahili kimelifanya mara nyingi mno.

Vioo hivi vina tabia mbili zinazovitenga. Atomu zake ni nzito na vifungo baina yake ni legevu, hivyo hutikisika polepole. Kwa hiyo huipitisha nuru ya infraredi, ile iliyo nje ya nyekundu na isiyoonekana kwa jicho, mpaka mbali. Uzi wa silika huanza kuwa giza baada ya urefu wa wimbi wa mikromita mbili na nusu hivi. Uzi wa kioo cha kibiriti huendelea hadi karibu na mikromita sita, na wa teluriamu huvuka kumi na mbili. Tabia ya pili ni kwamba elektroni zake huyumbishwa kwa urahisi, hata athari ya Kerr ikawa mara mia moja, na katika baadhi yake mara mia kadhaa, ya ile ya silika. Kasoro zake nazo zisifichwe: ni laini, huvunjika upesi, huungua nuru ikizidi mno, na aseniki ni sumu, kwa hiyo utengenezaji wake wataka mikono yenye nidhamu.

Mpwito ukiingia katika uzi kama huo, kilele chake ndicho kikali zaidi kuliko mwanzo na mwisho wake, basi kilele hucheleweshwa kuliko pembe zake. Mawimbi yaliyo mbele ya kilele hunyooshwa, na wimbi lililonyooshwa huelekea upande wa nyekundu. Yaliyo nyuma hubanwa yakaelekea buluu. Mpwito uliingia ukiwa na rangi chache, unatoka na nyingi ambazo hakuna aliyezitia. Juu ya hayo, sehemu ya nishati huachwa katika mtikisiko wa atomu, kwa namna aliyoigundua Mhindi C. V. Raman mwaka 1928, na rangi zikazidi kuvutwa upande wa nyekundu. Athari hizi zikijumuika, kutoka katika uzi hutokea upinde wa mvua mpana usiokatika. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark walipitisha mipwito ya femtosekunde 100 hivi katika kipande cha uzi wa jamii hii kisichofika urefu wa sentimita kumi, wakapata utandaji wa rangi kutoka mikromita 1.4 hadi 13.3. Karibu rangi zote hizo hakuna jicho la mwanadamu litakaloziona.

Kwa wanafunzi wa fasihi, wanaojua hatima ya miswada mikononi mwa wahariri, kisa kimoja cha historia ya elimu hii hakifai kuachwa. Mwaka 1961 Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walipitisha nuru nyekundu ya leza katika fuwele, wakapata nuru ya urujuani isiyoonekana yenye urefu wa wimbi nusu ya ile ya awali. Ulikuwa ndio ushahidi wa kwanza wa athari hizi kwa leza. Ushahidi wenyewe ulikuwa doa dogo hafifu katika picha. Makala yalipochapishwa, doa halikuwapo: waliotayarisha kurasa walilidhania ni uchafu wakalifuta. Mshale ulioelekezwa kwenye ushahidi ulibaki ukielekeza patupu.

Rangi hizo zisizoonekana zina thamani kwa sababu kila molekuli humeza rangi zake maalumu za infraredi, mfano wa alama ya kidole. Gesi ya methani humeza penye mikromita 3.3, hewa ya ukaa penye 4.26. Chanzo cha nuru kinachozitoa rangi zote kwa pamoja, tena kwa mwale mwembamba unaoweza kupenyezwa kwa uzi, humwezesha mtu kuuliza kitu kimoja maswali mengi kwa mara moja. Elimu ya alama hizo iko Afrika Mashariki tayari. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, Tanzania, pamoja na wenzao wa Glasgow, walichapisha kazi zinazoonyesha kwamba infraredi hiyo yaweza kutambua aina na umri wa mbu, na hata vimelea vya malaria katika matone ya damu iliyokauka. Mashine yao ilitumia chanzo cha kawaida cha nuru, si nyuzi za jamii ya kibiriti. Hata hivyo, lugha ya kuyaeleza yote mawili ni moja, na mbu na malaria, Turkana inavijua.

Hapa atainuka mpinzani mwenye hoja nzito kuliko wote. Atasema kwamba Kaaleng ina ukame, visima vyenye foleni na shule zenye upungufu wa walimu. Kumzungumzia mtoto wa huko femtosekunde ni anasa, kama si dhihaka. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Lakini ikumbukwe ya mwezi Septemba 2013. Serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya nyanda za Lotikipi, katika Turkana ileile, kwa kutumia picha za setilaiti na rada. Habari zilienea duniani. Baadaye kisima cha majaribio kikaonyesha kwamba maji ya huko yana chumvi kupita kiasi cha kunywewa. Katika kipindi chote hicho, swali lililokuwa la maana kwa mfugaji wa kaskazini lilikuwa fupi: mmejuaje? Picha iliyopigwa kutoka angani yaweza kuonyesha kwamba chini pana maji, na isionyeshe kama yananyweka. Mtu asiyepewa lugha ya kuuliza namna kitu kinavyopimwa hana budi kupokea tangazo, kisha apokee na kukanushwa kwake, vyote kwa adabu ileile. Rada, infraredi na leza ni nuru za jamaa mmoja, na vyombo vitakavyopima gesi za visima vya mafuta vya Lokichar au uchafu katika maji ya kesho vitakuwa vya aina hiyo. Kwa mtu huyo, maelezo ya nuru kwa lugha anayoimudu hayawezi kuwa anasa.

Lingine linalosemwa ni kwamba mtoto huyo afundishwe kwa Kiturkana kwanza. Naam, na afundishwe. Mazigazi yana jina katika kila lugha ya watu wa nchi kavu. Kiswahili hakina sababu ya kumfanyia Mturkana kile ambacho watetezi wake hulalamika kwamba kimefanyiwa na Kiingereza.

Jambo la kudaiwa kwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili ni dogo, na linaumiza kidogo. Makala yoyote yatakayoletwa kwenye kongamano chini ya mada ya sayansi na teknolojia yawe na sehemu inayoeleza jambo moja la sayansi toka mwanzo hadi mwisho, na mwandishi awe amekaa na mtu wa fizikia, kemia au udaktari mpaka akalielewa. Idara hizo hazipo mbali. Katika vyuo vingi ni mwendo wa dakika tano. Istilahi itungwe baada ya kikao hicho, si kabla. Kosa la "nuru isiyo ya mstari" hulifanya mtu aliyelitazama neno pasipo kulitazama jambo, na kamusi nyingi zaweza kumsaidia kulifanya.

Limebaki jambo ambalo makala haya hayajalipatia jina. Ndani ya uzi wa kioo rangi za mpwito hazisafiri kwa mwendo mmoja; kwa kawaida nyingine hutangulia, nyingine huchelewa, na mpwito ukatawanyika kama kundi la mifugo lisilo na mchungaji. Athari ya Kerr yaweza kuvuta kinyume cha mtawanyiko huo, na vikilingana sawasawa mpwito huendelea bila kubadilika umbo. Mwaka 1834, karibu na Edinburgh, mhandisi John Scott Russell aliona jambo la aina hiyo katika maji ya mfereji: mashua ilisimama ghafla, wimbi moja likatoka mbele yake na kuendelea, naye akalifuata kwa farasi zaidi ya maili moja. Hasegawa na Tappert walibashiri mwaka 1973 kwamba nuru katika uzi wa kioo yaweza kufanya vivyo hivyo, na mwaka 1980 ikaonekana. Kiingereza kimelichukua jina lake kutoka neno lenye maana ya upweke. Wimbi pweke lingefaa kwa urahisi wake, lakini pweke katika Kiswahili ni aliyeachwa, na wimbi hili halikuachwa na yeyote, limejitosheleza. Wimbi kamili halisemi kwamba ni moja. Wimbi timilifu linanukia utenzi. Huenda wafugaji wana neno kwa mnyama anayesafiri masafa marefu bila kukonda, na kama lipo, mahali pa kuliulizia ni Kaaleng.